Asumini na Kilo Zilizogoma

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, kubwa, yenye maua pembeni. Sijui nani alifikiri kwamba mtu asiyekwenda tena kazini ndiye mwenye haja ya saa. Nimeitundika jikoni. Inakwenda vizuri, na kila nikiitazama nakumbuka kwamba sina ninakochelewa. Neema, muuguzi aliyerithi chumba changu cha kliniki, alinivuta kando siku hiyo akasema, "Sista, tuandikie mambo ya kazi. Siyo vyeo, Sista, kazi yenyewe." Vyeo vyangu havijazi hata nusu ukurasa, kwa hiyo sikuona sababu ya kukataa.

Jina langu Emerensiana, Mmwera wa Mtama, ingawa Kilwa wananijua kwa Sista Eme. Nilifika hospitalini na sanduku la bati na viatu vyeupe vilivyobaki vyeupe mpaka getini. Matroni wetu alikuwa Bi Rehema, mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilifika wodini kabla yake. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa mizani ya watoto, ile ya kutundika yenye kisuruali cha turubai kwa chini, akanionyesha mstari wa akina mama uliokwenda mpaka barazani. "Kila mtoto, kwanza rudisha sifuri," akasema. "Ukisahau, utampa mtoto kilo ambazo mama yake hakumpa." Mtoto wa kwanza alinikojolea. Wa pili vile vile. Hapo nikajua nimeajiriwa.

Bi Rehema alinifundisha na jambo jingine ambalo chuoni sikulikuta. Usimwulize mtu anakula nini, maana atakutajia chakula cha watu wenye heshima zao: samaki, mboga, matunda. Mwulize jana alikula nini, nani alipika, na walikuwa wangapi kwenye sinia. Hapo utasikia ukweli, au angalau uongo wenye maelezo. Swali hilo nimelitumia miaka yote na nawaachia bure.

Miaka ya mwanzo kazi yetu ilikuwa moja tu, kuongeza watu uzito. Tulikwenda vijijini, Kiranjeranje na kwingineko, tukatundika mizani kwenye boriti ya ghala, tukapima watoto waliokonda wakati wazazi wao wako kwenye mikorosho. Wengine waliletwa na hirizi shingoni, kiunoni na mikononi, na namkumbuka mmoja ambaye hirizi zake zilikuwa na afya kuliko yeye. Hatukumwambia mama azivue. Mama aliyeambiwa avue hirizi za mwanawe mwezi ujao haji. Tulikisia uzito wa hirizi, tukautoa kwenye hesabu, tukaendelea kukoroga uji wa karanga.

Kisha, bila mtu kututangazia, wagonjwa wakaanza kuja wanene. Sukari, presha, magoti. Nikapewa kliniki yao: chumba chenye mizani ya kusimamia, utepe wa kupimia kiuno, na bango la matunda ambayo mengine sijawahi kuyaona sokoni kwetu. Mimi niliyezeeka nikishangilia gramu zinazoongezeka nikaanza kushangilia zinazopungua. Wagonjwa hawakunirahisishia. Kila mmoja alipanda mizani, akatazama namba, akaniambia, "Sista, mimi sili kabisa. Hii ni hewa." Nikawauliza habari za jana. Hewa ya jana ilikuwa na chapati nne na mchuzi wa nazi.

Katika hao ndimo alimokuja Asumini.

Asumini alikuwa mpishi wa shughuli hapo Kilwa Masoko. Harusi, maulidi, arobaini, watu walimwita yeye. Mpishi wa pilau lazima aonje, na yeye kazi yake aliifanya kwa uaminifu. Alifika kwangu na kilo mia moja na thelathini, sukari iliyokataa vidonge, na magoti yaliyolalamika kila alipoinuka kwenye kigoda. Tulihangaika naye kwa muda mrefu, mpaka daktari wetu akamwandikia rufaa ya Dar es Salaam, na huko wakamfanyia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Mfuko uliozoea kubeba sahani ya pilau na nyongeza yake ukabaki wa kubeba kikombe cha kahawa, tena kile kidogo cha barazani.

Waliojua ni mumewe, sisi wa kliniki, na Mungu. Majirani waliambiwa alikwenda kutibiwa vidonda vya tumbo. Mama yake, Bi Somoe, mjane anayeishi kisiwani Songo Mnara, naye aliambiwa hivyo hivyo. Nilimwuliza Asumini kwa nini amfiche hata mama.

"Sista, mama alikuwa analala na njaa ili nisilale nayo mimi," akasema. "Leo nimwambie nimekwenda kwa miguu yangu nikatwe tumbo ili nisile?"

Nikamwandikia tarehe ya kurudi.

Ila sababu ya yote hayo ilikuwa huyo huyo mama. Bi Somoe alizaa watoto sita na akabaki na Asumini peke yake. Maisha yake yote alitamani Hija, na sasa walikuwa wamepata nafasi mbili kwenye msafara wa mwaka unaofuata. Bi Somoe alishaapa kwamba bila mwanawe haendi. Na magoti yale, Asumini aliniambia mwenyewe, yasingeizunguka Al-Kaaba hata mara moja, achilia mbali saba. Kwa hiyo alipolala kwenye kitanda cha upasuaji hakuwa akifikiria kiuno chembamba. Alikuwa akifikiria kutembea.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha. Kilo zilidondoka mpaka Neema, wakati huo msaidizi wangu, akawa anapiga makofi. Magauni yalipunguzwa, yakapunguzwa tena, mwisho fundi akasema kitambaa hakina tena pa kukunjwa. Kwenye shughuli Asumini alikaa kwenye sinia na wenzake kama zamani, mkono ukienda na kurudi, ila ulirudi na punje tatu. Aliniambia siri ya sinia: hakuna anayehesabu matonge ya mtu ilimradi mkono hausimami.

Alipofika kilo tisini na nane, zikagoma.

Mwezi ule tisini na nane, uliofuata tisini na nane. Asumini aliishuku mizani yetu. Neema naye akaishuku, akasema, "Aisee Sista, hii itakuwa imezingua." Nikapanda mimi, ikanitajia uzito wangu bila huruma. Asumini hakuridhika. Akaenda dukani kwa Bwana Akbar, yule Mhindi wa nafaka pale Masoko, akaomba kupanda mizani ya magunia. Bwana Akbar ni mtu wa adabu. Hakuuliza kitu, alishusha gunia la mchele, akamsubiri apande na kushuka, akapandisha gunia la sukari. Tisini na nane.

Hapa, wadogo zangu, nisikilizeni, maana wagonjwa wa namna hii wataongezeka. Uzito kugoma baada ya upasuaji si ugonjwa na si uvivu. Mwili ukipewa kidogo hujifunza kuishi kwa kidogo, kama nyumba ambayo mshahara umepungua. Ngojeni nao. Waambieni waanze na samaki, yai au kunde kabla ya wali. Wasinywe huku wanakula. Watembee, walale vya kutosha, na wasipande mizani kila siku kama wanaolinda mlango. Na ulizeni wanachokunywa, kwa sababu watu huamini kinachonyweka si chakula. Asumini nilipomwuliza habari za jana, nikakuta jirani anayeonea huruma vidonda vyake vya tumbo humletea kila asubuhi uji wa mchele uliojaa tui na sukari. Tukauachisha uji. Kilo hazikusogea, lakini angalau zilikosa kisingizio.

Kilichonitia wasiwasi ni kingine. Asumini alianza kuchoka. Siyo uchovu wa kazi, ni wa mtu anayepumzika katikati ya ngazi zetu tano. Midomo ilipauka. Jikoni alikuwa anakaa akiamrisha, mumewe ndiye anakoroga, na watu walianza kusema pilau lina ladha ya mwanamume. Nilimpigia simu daktari aliyempasua Dar es Salaam, kijana msikivu, akauliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu na vitamini alivyopewa. Asumini aliapa hakosi hata siku moja, na mumewe akashuhudia. Basi apimwe damu, daktari akasema. Nikaandika kipimo. Asumini akakikwepa. Leo ana shughuli, kesho maabara ina foleni. Baadaye ndipo aliposema ukweli: msafara ungepimwa afya, kiongozi wao alishatangaza kwamba asiyeweza kutembea atampisha mwingine, na yeye hakutaka karatasi yoyote yenye namba mbaya iwepo duniani.

Tulikuwa hapo, kilo zimegoma na mgonjwa amegoma, alipoingia Bi Somoe.

Alikuja peke yake, amevuka kutoka Songo Mnara asubuhi hiyo, kanga mbili na kikapu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Asumini hajui kama nimekuja." Akakaa, akakitazama chumba, akaitazama mizani kama mtu anayemtazama mwizi wake. "Mwache mwanangu na hiki chuma chenu."

"Kimefanya nini, Mama?"

"Mnampandisha kila mwezi apungue. Atapunguaje? Mwanangu ana mimba."

Nilikaa.

"Amechoka, hana raha, mwili umesimama haupungui tena," Bi Somoe akaendelea, "na juzi nimemkuta uani kajificha anakula udongo. Mimi nimezaa sita, mwanangu. Udongo naujua. Miaka yote nilikuwa namlilia Mola ampe japo mmoja, nikadhani nimenyimwa. Kumbe alikuwa ananisikia." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, wala hakuyapangusa. "Ijumaa naenda kwa kiongozi wa msafara, nafasi zetu wapewe wengine. Jua la kule si la mwenye mimba. Mimi nikifa sijaenda, basi. Nitakufa nina mjukuu."

Nataka mwelewe kwamba hesabu yake haikuwa na kosa. Uchovu, uzito uliosimama, udongo. Ukimpa mwanamke yeyote wa pwani hii mambo hayo matatu, jibu lake litakuwa hilo hilo, na hata mimi kwa dakika chache nilianza kuhesabu umri wa Asumini, arobaini na nne, na kujiambia mambo kama hayo yameshawahi kutokea. Nilichojua kuliko yeye sikuruhusiwa kukisema. Nikamwomba tu asiende popote mpaka nimwone Asumini.

"Utamwona nini? Mimi nimeshamwona," akasema. Lakini alikubali, kwa sababu nilimwita Mama na nilimshika mkono.

Asumini alikuja kesho yake. Nilimweleza alichosema mama yake, na hapo hakukwepa tena maabara. Mimba haikuwepo. Alipokea habari hiyo bila kubadilika uso. "Najua, Sista. Hiyo ingekuwepo ningekuja mbio, siyo kwa kupumzika ngazini." Damu ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa imeshuka mpaka mtaalamu wa maabara akairudia mwenyewe bila kuombwa.

"Na udongo?" nikauliza.

Akafungua pochi. Ulikuwa ndani ya kitambaa safi, ule wa kuokwa unaouzwa sokoni kwa vipande, unaonukia mvua ya kwanza. Akavunja kipande, na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, akaninyooshea nusu. "Karibu, Sista."

"Umeanza lini?"

"Zilipogoma. Unatuliza tumbo, hauna sukari, hauna mafuta. Nikasema huu ndio chakula changu."

"Daktari hakukukataza?"

"Daktari alinikataza soda, nyama ngumu, na pombe ambayo sijawahi kuionja. Udongo hakuutaja."

Ni kweli hakuutaja. Nilipompigia simu aliniuliza huo udongo unapatikana wapi. Nikamwambia sokoni, karibu na ndizi. Akacheka, kisha hakucheka. Akanieleza vizuri, nami nawaeleza ninyi: mfuko ukishapunguzwa, mwili hupata shida kuvuna madini ya chuma. Damu ikipungua mtu hutamani udongo. Udongo nao huyashika yale madini machache yasiingie mwilini, damu inapungua zaidi, na hamu ya udongo inaongezeka. Vidonge Asumini alimeza kweli kila siku, ila alivishushia na chai ya rangi, kikombe kizito, na chai nayo inazuia. Mume wake alishuhudia vidonge, hakuulizwa kuhusu kikombe. Kwa hiyo ulizeni kikombe.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya Bi Somoe, nayo sikuipenda. Asumini aliniomba niwepo. Tulikaa chumbani kwangu, mlango umefungwa, akamwambia mama yake hakuna mimba, ni damu imepungua, na udongo ndio ugonjwa wenyewe. Upasuaji hakuusema. Bi Somoe alikunja ncha ya kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Niliona uchungu ambao katika miaka yangu yote ya kazi sikuupatia dawa, na nilitamani niwe mahali pengine, hata kwenye kikao cha bajeti.

Mwishowe akauliza, "Damu inaongezwa na nini?"

Nikamwambia maini, dagaa, mboga za majani, kunde.

"Haya," akasema. Kesho yake alikuja na kikapu kilichojaa vyote, hata kunde za aina mbili. Habari ya mjukuu hakuitaja tena mbele yangu.

Asumini alikwenda Lindi kuwekewa dripu ya madini ya chuma, akarudi tena kwa ya pili. Vidonge akameza na maji. Udongo ulimshinda kuliko pilau lilivyowahi kumshinda. Neema alimnyang'anya vipande mpaka droo ya kliniki ikanuka kisima, na mkaguzi mmoja aliyeifungua akatutazama sana bila kuuliza. Lakini midomo ilirudi rangi. Akaanza kutembea alfajiri baada ya sala, kwanza mpaka dukani kwa Bwana Akbar, baadaye mpaka gatini na kurudi. Siku moja akapanda ngazi zetu huku anaongea, na hakukata maneno. Nilimpima. Tisini na saba. Tulitazamana, na hakuna aliyethubutu kupiga makofi.

Kwenye vipimo vya msafara alipita. Bi Somoe naye alipita, akamwambia aliyempima kwamba moyo wake uko sawa na alikuwa akiujua siku zote. Wakaondoka.

Waliporudi, Asumini alikuja kliniki na tende, kichupa cha zamzam, na uso uliopigwa na jua. Nilimwuliza mama alimudu vipi kule. Akasema hakumudu. Joto lilimzidi, miguu ikavimba, ikabidi watafute kiti cha magurudumu.

"Nani alimsukuma?"

"Mimi," akasema. "Mizunguko yote saba, Sista, na watu walivyojaa. Mimi niliyekuwa nashindwa na hizi ngazi zenu."

Akazungusha tende mkononi.

"Tulipokuwa pale mbele ya Al-Kaaba mama akainua mikono, akaanza kuomba kwa sauti. Nikainama nimsikie. Anasema, Ya Rabi, mrudishie mwanangu mwili wake. Mrudishie unene wake wote kama ulivyokuwa."

Nilimtazama. "Nawe ukafanyaje?"

"Ningefanyaje, Sista? Mama yangu ananiombea, mahali pale, na kiti nimekishika mimi. Nikaitikia amina."

Alianza kucheka, katikati ya kicheko akawa analia, kisha hakujali tena lipi ni lipi. Mimi ni Mkatoliki na dua za Makka sizifahamu, kwa hiyo nilifanya ninachokifahamu, nikamwambia avue viatu apande mizani. Alikuwa ameongezeka kilo mbili. Alizitazama kwa muda, akashuka, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, akaniaga haraka kwa sababu mama yake alikuwa amepika.